Saa Saba za Usingizi wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi wa kumi na nne huu mke wangu anaumwa mwili mzima, shingo mpaka nyayo. Kwa usiku analala saa mbili tu, anaamka hoi kama kabeba magunia. Fibromialjia, kasema daktari. Anataka daftari la saa anazolala. Ijumaa ataamua dawa kwa hilo. Nimelichukua mimi, hesabu nazijua. Shemeji, mdogo wake, kasema mgonjwa hahitaji karani. Wivu tu! Nyumba hii nimeijenga kwa kushona makochi. Godoro la kumpa usingizi litanishinda?

Jumanne
Nimeunda godoro la tabaka saba. Mke kalalia, kazama hadi masikio. Tumemtoa taratibu, mimi na shemeji. Shemeji kacheka mpaka kakaa sakafuni. Nimepunguza tabaka tatu.

Jumatano
Ushindi! Nimekaa kitini kando ya kitanda, namlinda. Kafumba macho saa nne usiku, kafumbua saa kumi na moja alfajiri. Saa saba! Nimemtumia shemeji ujumbe wa tarakimu moja: 7.

Alhamisi
Saa saba tena. Ajabu, mke kashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Nimemfungia. Nikasema labda usingizi umemzidi. Mimi kazini nimesinzia, nimeshonea mkono wa shati langu kwenye kochi la mteja.

Ijumaa
Kliniki. Daktari kaona zile saba mbili, kaweka kalamu chini. Kama analala hivi, kasema, dawa mpya ya nini? Mke kainama. Shemeji kashindwa kuvumilia: dada, sema basi! Kasema. Hakulala hata saa mbili. Alifumba macho tu, ili mimi nitoke kwenye kile kiti nikalale.

Saba zote mbili nimezikata mwenyewe.

Daktari kaandika dawa. Kasema kwa ugonjwa huu hata aliyelala saa saba anaweza kuamka hoi, na mgonjwa si benki, asilindwe. Kiti kitoke, hesabu ziishe. Nimekubali mbele ya shemeji, aibu tupu.

Jumamosi
Kiti kiko sebuleni. Neno langu ni neno! Nililala kando yake, macho nimefumba. Kaninong'oneza, umelala? Nikajibu ndiyo, fofofo. Kacheka, kanishika mkono, hakuuachia.

Sikuhesabu chochote. Alipumua mara kumi na nne kwa dakika, mpaka saa tisa na robo usiku, usingizi uliponichukua.