Wajerumani Hunukuu, Mtu wa Uriri Huiba

Mwalimu Javan Okinyi,
Kwaya ya Kanisa, Uriri,
Migori.

Kwa Bi. Filister,
Katibu wa Jopo la Majaji,
Tamasha la Kwaya za Kando ya Ziwa,
Homa Bay.

MINTARAFU: SIFURI NILIYOPEWA

Mheshimiwa Katibu,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ingawa jina langu liko mahututi. Natumaini wewe na majaji wenzako mlifika nyumbani salama baada ya kuniaibisha.

Nikukumbushe kidogo, maana mnaaibisha watu wengi na huenda umenisahau. Mimi ndiye mtunzi wa ule wimbo wa maombolezo ulioimbwa na kwaya ya Uriri pale Homa Bay, ile ya majoho ya kijani na mwimba besi mmoja mwenye ndala. Tulipomaliza, Jaji Mkuu, Mwalimu Gichana, alishika maikrofoni akatangaza mbele ya umati kwamba kipande cha katikati nimekiiba kwa Chrispine, mwalimu wa kwaya ya Oyugis, aliyeimba wimbo wake katika tamasha lililotangulia. Nikapewa sifuri. Wimbo ukapigwa marufuku usiimbwe tena na kwaya yoyote, hata ndani ya kanisa letu. Tangu siku hiyo, Susana anayeniuzia omena sokoni huniuliza kila nikipita kama shati nililovaa ni langu.

Sasa Bi. Katibu, mimi si mtu wa kelele. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na ninajua kwamba anayelalamika bila ushahidi hana tofauti na mlevi. Kwa hiyo nilikaa na simu ya binti yangu Caren, nikasikiliza, nikasoma, na haya ndiyo malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Asubuhi ya siku hiyohiyo kila kwaya iliimba wimbo wa lazima, na mtunzi wake ni Bach. Tuliuimba tumesimama wima kama watu wanaoapishwa. Je, jopo lina habari kwamba huyu Bach alichukua muziki wa Mwitaliano aitwaye Vivaldi, kazi nzima nzima, wala si kipande cha katikati, akaupanga upya kwa ajili ya kinanda? Mbona yeye hana sifuri? Mwalimu Gichana alipokuwa akimsikiliza Bach alifumba macho kwa utamu. Ilipofika zamu yangu aliyafumbua.

2. Handel. Huyu sitaki hata kumzungumzia. Alichukua kwa huyu, akachukua kwa yule, akachukua hata kwake mwenyewe, na alipokufa alizikwa katika kanisa moja na wafalme wa Uingereza. Mimi nimechukua kidogo tu na mnataka nizikwe nikiwa hai.

3. Brahms alitunga simfonia, watu wakamwambia hapa pana Beethoven. Inasemekana alijibu kwamba hata punda analiona hilo. Bi. Katibu, mimi nilipotuhumiwa niliinua mkono kwa adabu nikaomba nafasi ya kujieleza, nikaambiwa niketi. Pengine ningewaita majaji punda ningepata alama.

Tena ni Mwalimu Gichana huyohuyo aliyetuambia kwenye semina ya walimu wa kwaya kwamba Brahms alikuwa ananukuu kwa heshima. Nimelifikiria sana neno hilo, na nadhani nimeuelewa mwongozo wenu. Mtu akiwa na ndevu nyeupe na sanamu yake mjini kwao, ananukuu. Akiwa na baiskeli na shamba la miwa Uriri, anaiba.

4. Yuko Mfaransa, Saint-Saëns, aliyechukua muziki wa mwenzake, ule wa dansi ya kurusha miguu juu, akaupunguza mwendo mpaka ukawa muziki wa kobe. Watu walicheka wakampigia makofi. Kwetu kumgeuza mtu kobe ni kesi ya chifu.

5. Hapa naomba usome polepole. Kuna wimbo wa maziko wa watawa wa zamani sana, hauna mwenyewe anayejulikana, na watunzi wakubwa wa Ulaya wamepita hapo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ndoo yake. Berlioz kachota, Liszt kachota, Rachmaninoff karudi tena na tena. Hakuna aliyefukuzwa kisimani. Sasa, kipande hicho mlichonihukumia ni dengo, yaani kilio cha matanga, cha mama yangu mzazi, Mama Benta. Mama yangu ameliza watu kuanzia Uriri mpaka Oyugis. Na wewe ni mtu wa ziwani, desturi unaijua. Mwombolezaji huingia langoni akiimba kilio alichokisikia kwenye msiba mwingine, anaondoa jina la marehemu yule, anaweka la marehemu wenu, na nyote mnalia. Sijawahi kuona mfiwa akimsimamisha mtu langoni amwulize wimbo ameutoa wapi. Kule Osiri wachimbaji huingia shimo moja la dhahabu na kila mmoja hutoka na mawe yake, na hakuna amwitaye mwenzake mwizi eti mawe yanafanana.

6. Na kama ni lazima mwizi apatikane, basi mwizi ni Chrispine. Baba yake, Mzee Joash, alipozikwa Oyugis, mama yangu alikwenda kumlilia, na Chrispine alikuwa pale masikio wazi. Chrispine alikiokota kilio cha mama yangu kama mtu anayeokota kuku wa jirani, akakitia sauti nne, akajiandika mtunzi. Chrispine ni mtu asiye na haya. Chrispine apewe ile sifuri, kisha apige magoti mbele ya mama yangu aombe msamaha, na kwaya nzima iwepo kushuhudia.

Kutokana na hayo, naliomba jopo lichukue hatua.

Kwanza, Bach, Handel na Brahms waitwe kujibu. Najua wamekufa, lakini huku kwetu kifo hakijawahi kumaliza kesi. Bach alizaa watoto ishirini, kwa hiyo ukoo wake hautakosa wa kumjibia. Brahms hakuoa, jambo ambalo wazee wa hapa wameniambia linaharibu kesi kabisa.

Pili, hilo likiwashinda, zile sauti saba za solfa zigawanywe kwa mipaka, kama mashamba. Migori tupewe do, re na mi. Homa Bay wachukue fa, so na la. Ti wapewe wageni, maana hata sisi hutusumbua. Baada ya hapo hakuna atakayemwingilia mwenzake. Natambua kwamba nyimbo nyingi humalizikia do, na kwamba nyimbo za Homa Bay zitabaki zikining'inia bila mwisho, lakini sheria ni sheria. Kwaya ya Oyugis, iliyo upande wa Homa Bay, ikitaka kufika mwisho wa wimbo wake, mwalimu wao apande pikipiki aje Uriri aombe do.

Tatu, na hili msiliweke chini ya meza, marufuku iondolewe. Mama yangu amezeeka. Nilitaka asikie kilio chake kikiimbwa kanisani kwa sauti nne kabla siku haijafika ya yeye kuimbiwa. Hilo ndilo linaloniuma, Bi. Katibu. Haya mengine ni hasira.

Nisalimie majaji wote, hata Mwalimu Gichana. Wasalimie na wapishi wa tamasha, maana chapati zao hazikunukuu chapati yoyote ninayoijua. Kwaya ya Uriri inawasalimu kwa sauti zote nne, isipokuwa alto, ambao bado wamenuna.

Nabaki wako, mwenye sifuri moja na heshima nyingi,

Mwl. Javan Okinyi

Tanbihi: Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea mama, nikimtafsiria kwa Dholuo. Bach alimpita bila shida. Kuhusu Handel alisema kila ukoo una mtu kama huyo. Tulipofika kwa Chrispine akaniambia ninyamaze. Kumbe baada ya mazishi ya Mzee Joash, kijana yule alifunga safari mpaka hapa nyumbani, mimi nikiwa kwenye mazoezi ya kwaya, akaketi jikoni kwa mama akamwomba amfundishe kile kilio. Alirudi na kurudi mpaka akakiweza, na mama mwenyewe ndiye aliyemwambia aende akakiimbe, baba yake apate kuliliwa vizuri. Kisha mama akaniuliza mimi nilikuja kumwomba lini. Nikamjibu kwamba mimi ni mwanawe, nimerithi. Akasema shamba nitarithi siku atakapokufa, lakini kwa sasa yuko hai, na kilio chake bado anakitumia.

Siwezi kuandika upya kurasa zote hizi. Naituma kama ilivyo, ila katika namba ya sita, kila penye jina la Chrispine, tafadhali someni Javan.