Sufuria Iliyozama Yadini Tunduma

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mashua imeingia yadi ya malori. Mashua! Tunduma! Iko juu ya trela, imetoka ziwani Mpulungu, inakwenda Dar, kisha baharini hadi Shelisheli. Karibu wiki mbili bila kuona nchi kavu. Mwenyewe ni mwanamke, Kapteni Nesta, mzaliwa wa Vwawa, aliyezunguka bahari na mashua za Wazungu miaka kumi na tano. Karatasi zake hazijakamilika, kwa hiyo tunaye hadi Ijumaa.

Tanga lake limechanika. Wakamwelekeza kwangu, maana hapa mpakani hakuna anayeshona turubai kunishinda. Nimeshona kwa saa sita. Akapitisha kidole kwenye mshono, akasema huu utavumilia dhoruba. Halafu akasema anatafuta mtu mmoja wa kusafiri naye, anayejua sindano.

Moyo uliruka. Miaka ishirini nafunika mizigo ya watu waendao Lubumbashi. Mimi mwenyewe sijapita Nakonde, hapo ng'ambo tu ya mpaka!

Jumanne, 5 Agosti

Ferista naye ameomba! Ferista wa Ihanda, niliyemfundisha mwenyewe kushika sindano, kisha akafungua kibanda mkabala na changu. Kuogelea hajui. (Mimi pia sijui, lakini sikuulizwa.)

Kapteni ameamua kutujaribu. Siku tatu tutakaa watatu ndani ya mashua, palepale juu ya trela. Kushuka ni kwenda chooni tu. Chochote kikianguka nje, kimezama. Nikacheka. Mtihani wa kukaa!

Mpango wangu: nimchokoze Ferista taratibu mpaka alipuke. Kapteni aone mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Ferista halipuki. Nimemwambia chai yake ni maji ya kufulia soksi. Akasema, pole da Mwasiti, kesho nitaongeza majani. Nimemkanyaga. Akaomba radhi yeye! Nimelalia blanketi lake makusudi, akanifunika na kitenge chake. Huyu mwanamke ana roho mbaya sana.

Chumba chenyewe hakizidi kaunta ya duka. Kila nikigeuka, goti la Ferista.

Alhamisi, 7 Agosti

Hasira. Sitaki hata kuandika. Naandika.

Mchana nilikuwa nasonga ugali nje, juu ya sitaha. Dereva mmoja, Rabson, ameegesha lori lake karibu. Akapaza sauti: "Mama, bado hamjafika Zanzibar?" Yadi nzima ikacheka. Nikamrushia nilichokuwa nacho mkononi. Nilikuwa na sufuria. Ugali ndani.

Hatuna sufuria nyingine. Hiyo hapo chini, hatua nne, naiona! Nikasema nashuka kuichukua. Kapteni akanishika bega.

"Mwasiti, hapo ni bahari. Imezama."

"Imezama wapi? Si ile pale!"

"Imezama."

Tumeshindia unga uliokorogwa kwa maji baridi. Rabson ameiokota sufuria, ameiosha, amepikia maharage. Harufu yote imekuja kwetu. Ferista akaanza kucheka, Kapteni naye. Mimi sikucheka. Nilimwambia Ferista yeye ndiye aliyenikabidhi sufuria, kwa hiyo kosa ni lake, na kwamba bila mimi angekuwa bado analima mahindi ya watu. Macho yakamlowa.

Nilijisikia vibaya. Kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 8 Agosti

Karatasi zimekamilika. Amechaguliwa Ferista.

Nikamuuliza Kapteni kama ameuona mshono wa Ferista, uliopinda kama barabara ya kwenda Ileje. Akasema ameuona. Akasema mshono mbaya unafumuliwa, lakini mtu mwenye hasira katikati ya bahari huna pa kumshushia. Nikamwonyesha jinsi nilivyo mtulivu. Wananiambia nilisikika mpaka ng'ambo, Nakonde.

Trela limeondoka saa kumi. Ferista alinipungia mkono. Mimi nilipunga ngumi. Nimerudi kibandani, nimeshona turubai moja mara mbili pasipo sababu. Sikuwa naona vizuri. Vumbi.

Jumatano, 13 Agosti

Kapteni amepiga simu! Waliijaribu mashua nje ya bandari ya Dar. Ferista ametapika siku mbili mfululizo, anarudi nyumbani. Nafasi ni yangu! Sharti moja tu: nije nimetulia. Nikamjibu nimebadilika kabisa. Alipotaka kurudia sharti nikamkatiza kwamba nimeshasikia, mimi si kiziwi.

Nimefunga kibanda. Nimewasamehe wote, hata Rabson, ingawa sitamwambia.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika nikiwa Mlowo, kando ya barabara, nimekalia begi. Basi la Dar limeniacha. Yaani, limenishusha.

Jirani yangu wa kiti alifungua dirisha. Nikafunga. Akafungua. Nikafunga. Abiria wote wakawa upande wake, kondakta naye! Nilichotupa nje ni kiatu chake kimoja tu. Mtu ana miguu miwili!

Kapteni akapiga kuuliza nimefika wapi. Nikamweleza kisa chote kwa utulivu, mpaka mama wa ndizi akahamisha beseni lake. Kapteni akakata. Mtandao wa Mlowo mbovu sana.

Basi jingine linapita saa nane. Nitakaa dirishani. Na aliguse mtu!