Waini kwa Ajili ya Risper

Jumatatu, 4 Agosti
Risper amenialika kwao Homa Bay Jumapili, chakula cha mchana na wazazi. Asante Mungu! Dakika hiyohiyo nikagundua kwamba Jeff pia amealikwa. Jeff wa benki, aliyewahi kukaa Naivasha, kwenye mashamba ya zabibu, na haishi kuongea kuhusu waini. Risper humsikiliza huku ameinamisha kichwa kidogo. Mimi nauza misumari na rangi hapa Migori. Nimeamua: kufikia Jumapili nitaijua waini kumshinda.

Jumatano, 6 Agosti
Binamu yangu Liz ni weita hotelini. Nashukuru kuwa na ndugu kama huyu. Amenifundisha kushika glasi kwenye mguu, kuzungusha, kunusa, kisha kutaja ulichonusa. Si lazima iwe kweli, alisema, mradi usisitesite. Leo nimenusa kila kitu dukani. Simenti: kavu. Tapentaini: kali, yenye kiburi. Mteja aliuliza kama naumwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa! Chupa niliyonunua ya kupeleka imeniponyoka ikapasuka sakafuni. Nitaenda mikono mitupu, na Jeff hawezi kukosa zawadi. Hata hivyo nashukuru, sakafu inanukia vizuri. Nimefanya mazoezi hapohapo, nikiwa nimepiga magoti.

Jumapili, 10 Agosti
Mama Risper alileta kinywaji chekundu kwenye glasi zenye miguu. Nikamwahi Jeff. Nikazungusha. Nikanusa. Nikatangaza: udongo baada ya mvua, Ufaransa ya kusini, pipa la mti mkuukuu, miaka saba kwa uchache.

“Makori,” Mama Risper akasema polepole, “hiyo ni bitiruti na tangawizi. Nimeisaga asubuhi.”

Jeff alicheka hadi akakohoa. Akasema wacha anionyeshe waini yenyewe, akatoa chupa mkobani, akaiweka mbele ya Baba Risper.

Baba Risper ni mzee wa kanisa la Wasabato, watu wasiogusa pombe. Mimi sikujua. Sikuuliza, nilikuwa nasomea waini. Mzee aliitazama ile chupa kama nyoka aliyeingia sebuleni, kisha akamwomba Jeff, kwa upole wa kutisha, airudishe garini. Jeff alikula akiwa ameinama.

Mungu wangu, nusura niilete ile yangu! Nimekushukuru kwa kila kipande cha chupa.

Mama Risper alinijazia glasi tena. Alisema amepika miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuisifu juisi yake namna hiyo. “Erokamano, wuoda,” akaniambia. Asante, mwanangu. Mwanangu! Nilikunywa glasi nne.

Risper alinisindikiza akicheka hadi machozi. Aliniambia waini haimhusu hata kidogo. Anachotaka ni mtu anayesema tu kwamba hajui, pale asipojua. Nikaapa, mkono kifuani. Akanishika huo mkono. Nimebarikiwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Baba Risper amenipigia simu mwenyewe! Ana mizinga ya nyuki na aliyekuwa akimsaidia amehama. Akauliza kama nina ujuzi wowote. Nikamwambia, bila kusitasita, nimefuga nyuki tangu utotoni, na wala huwa sivai mavazi ya kujikinga. Amefurahi mno. Jumapili namrinia asali, kifua wazi, Risper akitazama. Nashukuru sana kwa kuaminiwa hivi.