Mtambo wa Kutafuta wa Isaïe

Jumatatu, 4 Machi 2002

Mteja ametafuta kwenye mtandao kama njia ya mto hadi Yangambi iko wazi. Kompyuta yangu imemjibu: ziara ya waziri. Ya mwaka jana! Akavuka barabara kwenda cyber ya Constant, mshindani wangu. Constant akanicheka mlangoni. Bon. Nimeelewa kosa. Mtambo mmoja, huko Ulaya, hauwezi kupita dunia nzima kila siku. Kwetu kwenye vita unarudi baada ya miezi. Dawa ni kugawa kazi. Kila mji ukusanye habari zake, Kisangani iulize wote na kujibu. Mimi, Isaïe, nitaujenga mtambo huo!

Jumatano, 6 Machi

Yangambi haina kompyuta. Basoko pia. Haidhuru: wana phonie, redio ya kuitana mji kwa mji. Augustin wa Yangambi na Florentine wa Basoko wanasema, mimi naandika kwenye ukurasa wangu wa mtandao. Yangambi: njia wazi. Basoko: samaki wengi, askari wachache. Wateja wamejaa. Constant kaketi peke yake. Siku tamu!

Ijumaa, 8 Machi

Yangambi kimya tangu jana. Nimeita mpaka koo limekauka. Constant anawaambia watu habari zangu zimechacha. Zimechacha! Alors, nimebadilisha tarehe tu. “Yangambi: njia wazi, imehakikishwa leo.” Jirani yangu, Mama Delphine, amesoma, amefurahi. Mume wake Lambert atapanda mtumbwi kesho, akamchukue mama yake anayeumwa huko.

Jumapili, 10 Machi

Wavuvi wamerudisha maiti ya Lambert. Mtumbwi ulipigwa risasi kabla ya kufika Yangambi. Sikula. Nimefuta ukurasa. Kisha nikaona kufuta kunanishtaki, nikaurudisha bila Yangambi.

Jumanne, 12 Machi

Matangani. Mama Delphine ameketi chini kwenye mkeka. Akaniita mbele ya wote: “Papa Isaïe, ni nani alikuambia njia iko wazi?” Nikasema Yangambi. Akauliza, lini? Nikaomba maji. Hakuna aliyenipa. Hata Constant hakucheka.

Nikahamia benchi la nyuma, kando ya Benoît wa Isangi. Kumbe ana phonie nzuri sana! Nimeona: vituo vyangu vilikuwa vichache mno. Tumepatana papo hapo, kwa sauti ya chini, watu wakiimba. Akauliza nitaandika nini siku asiposikika. Nikamwambia asihangaike. Kimya maana yake hakuna kilichobadilika.