Gunia la Unga la Alasdair

Jumatatu, 11 Agosti
Wamemchagua Struan. Struan! Jumamosi, kwenye mkutano wa ukoo wetu wa MacTorlin, ndiye atakayesimama mbele ya Chifu na kutaja mababu kumi na wanne wa ukoo kwa mpangilio. Mimi nawajua wote tangu nina miaka minane. Yeye akifika kwa wa tano husema "na wengineo". Lakini ana sauti. Na ana miguu. Kilti, sketi yetu ya kiume ya sherehe, inamkaa kama alizaliwa nayo. Soksi zangu huteremka hata nikiwa nimesimama tu.

Bibi kasema niache wivu, nikampongeze. Nimempongeza. Meno bado yananiuma kwa kuyasaga.

Jumatano, 13 Agosti
Nimeshinda kanisani, kwenye kasha la nyaraka. Nimempata! Daftari la wapangaji, 1741: "Alasdair, mtu wa kuja, amepewa gunia la unga wa shayiri, naye amechukua jina la ukoo."

Mtu wa gunia! Hapa bondeni ukimwambia mtu babu yake aliiba ng'ombe, atacheka na kukuongezea chai. Ukimwambia babu yake alijiunga na ukoo kwa sababu ya njaa, atachukua koti lake aondoke.

Na babu wa saba wa nyumba ya akina Struan ni Alasdair. Wetu wa saba pia ni Alasdair, kwa kuwa hapa kila mtoto wa kwanza hupewa jina la babu yake, na kila nyumba ina wake. Lakini huyu ni wa kwao. Inaonekana tu. Maelezo yaliendelea ukurasa wa pili, sikuona haja ya kufungua.

Alhamisi, 14 Agosti
Kusema na Chifu ana kwa ana siwezi. Mbele yake ulimi hunikauka. Nimemwandikia barua. Nakala nne, ya mwisho kwa wino. Struan sikumtaja; nimeandika tu kwamba uzao wa Alasdair wa gunia bado uko kati yetu, Chifu afungue daftari la 1741 ajionee. Nimetia sahihi "Mpenda Ukweli".

Nikitoka kuitumbukiza langoni kwake, nani ananisimamisha? Struan. Kaniita Profesa, kaniomba nimsikilize majina, nikisikia kosa nimpige kofi. Tumekaa ukutani saa nzima. Amenipa nusu ya keki yake. Nilianza kuona haya. Kisha akaruka ukuta kwa mkono mmoja, haya ikaisha.

Jumamosi, 16 Agosti
Mvua. Uwanja mzima umejaa. Chifu, mwanamke wa miaka themanini, akashika kipaza sauti, akasema amepata barua nzuri kuliko zote za maisha yake. Akaisoma. Akasema alikwenda mwenyewe kanisani, akafungua ukurasa wa pili: "Alasdair Mwekundu, wa nyumba ya kwenye kivuko."

Nyumba ya kwenye kivuko ni yetu.

Bibi alichukua koti lake.

Chifu akaiinua barua watu waione, akauliza mwandishi ni nani. Struan, anayenakili kazi zangu za shule mwaka wa tatu sasa, akapaza sauti kwa fahari: "Huo mwandiko wa Profesa, naujua hata gizani!"

Chifu akasema katika miaka karibu mia tatu hakuna mtu wa gunia aliyejitaja mwenyewe. Ushujaa mkubwa. Basi turudishe desturi ya zamani: mtaja mababu atangulie, mtu wa gunia afuate nyuma na unga begani.

Nimezunguka uwanja mara mbili nyuma ya miguu ya Struan, na gunia lililolowa. Soksi zilianguka kabla ya kona ya kwanza. Amewataja wote kumi na wanne bila kukosea, kisha akawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Hata katika unyenyekevu kanishinda!

Jumapili, 17 Agosti
Bibi hasemi nami. Asubuhi tu kaniuliza kama nitakunywa uji, au unga nilioubeba jana umenishibisha.

Struan kaja kuniletea mipira ya kufungia soksi. Ni yake, ya akiba. Anajifanya nani?

Alipoondoka nimefungua karatasi nilizonakili kanisani. Daftari la kesi, 1698: "Iain, kwa kumsaliti Chifu wake." Msaliti! Hilo hata kwa chai halichekeki. Kwa akina Struan yupo Iain. Kwetu pia yupo, lakini huyu ni wa kwao, inaonekana tu. Barua nimeshaianza. Safari hii naandika kwa mkono wa kushoto.