Profesa na Lori Aliloliombolezea

"Lori lako litanifilisi!" mshona nguo alifoka, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama medali. "Wateja wangu wapite wapi? Uvunguni?"

"Wapite juu," alijibu Mama Lori, kichwa nje ya dirisha la lori lililoziba mlango wa duka la jirani. "Hizo suruali unazowashonea zitawapeperusha zenyewe!"

Mtaa ukacheka. Hakuna burudani inayoshinda ugomvi usiokuhusu, na watu walikuwa wametoka hata na miswaki mdomoni. Kati yao alisimama bwana mmoja aliyejiita Profesa, ndani ya koti la ufundi lililopigwa pasi. Ukimwona fundi wa magari asiye na doa hata moja, shika mfuko wako.

Profesa hakuusikiliza ugomvi, alilisikiliza lori. Lilikuwa la dizeli, la zamani, la gia za kujibadilisha zenyewe. Injini ilinguruma vizuri, ila Mama Lori akiweka gia, lori lilitafakari kwanza, kama mtu aliyeombwa ahame kiti, ndipo likajikokota hatua mbili na kukata tamaa.

Moyoni alijua mara moja: oili ya giaboksi imepungua, na waya unaotoka kwenye pedeli ya mafuta kwenda kwenye giaboksi umelegea. Kazi ya asubuhi moja. Mdomoni alikuwa na habari nyingine.

"Zima injini, mama." Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akamwonyesha. "Unaona? Oili tele. Kwa hiyo tatizo si oili. Giaboksi imetutoka." Akavua kofia. "Pole sana."

Mama Lori akashuka akifuta macho. Lori lile ndiyo mali pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe, na ndilo lililomlisha kwa kubeba kokoto na vyombo vya wanaohama.

"Kweli haliponi, mwanangu?"

"Mama, hili likiingia gia vizuri tena, kazi yangu yote bure, na mtaa mzima ni shahidi! Niachie nilipeleke kwa wanunuzi wa vyuma. Jioni nakuletea chako."

"Aliondoe leo leo!" akadakia mshona nguo.

Mama Lori akamkabidhi ufunguo, akaenda zake jikoni akivuta kamasi.

Kulikokota kungehitaji gari jingine, na gari jingine lina dereva, na dereva ana mdomo. Profesa akaamua kumfufua marehemu mwenyewe. Aliacha saa yake rehani kwenye duka la vipuri, akarudi na chujio jipya na madebe ya oili nyekundu. Koti likaingia uvunguni. Alipofungua bakuli la chini ya giaboksi, oili kuukuu ikamkumbatia kifua kizima. Akabadilisha chujio, akafunga, akajaza, kisha akaukaza ule waya kidogo kidogo, kama anayesikilizia wimbo.

"Mbona maiti unaiosha kwa bidii hivyo?" aliuliza mshona nguo kutoka kwenye cherehani.

"Heshima za mwisho, bwana."

Akawasha. Akapitisha gia zote moja moja, mguu kwenye breki, na kila moja ikaitika. Likabaki jambo moja. Giaboksi ya namna hii hupimwa oili injini ikiwa ya moto na inaunguruma. Ukizima, oili hurudi chini na kujifanya tele. Profesa hakutaka kukwama njiani na mali ya watu. Akaliacha likiunguruma, akashuka, akainama chini ya boneti.

Oili ilikuwa kwenye alama kabisa. Akafunga boneti akitabasamu, na nyuma ya kioo akamwona Mama Lori kwenye usukani, mwiko wa mchuzi mkononi.

"Pisha, mwanangu."

Lori likaenda hadi mwisho wa mtaa likibadilisha gia kama mkasi unaopita kwenye hariri, likageuza, likaingia uani kwa mwenyewe. Mshona nguo akafunga geti kwa furaha isiyomfaa mtu mwenye kesi.

"Mama, lakini mimi..."

"Ulisema likiingia gia, bure. Mtaa ulisikia." Akashuka. "Miaka kumi na tisa nimelipanda na marehemu. Ulivyosema nizime injini ndipo upime, nikajua mwizi huyu. Ila nikajua pia kazi unaiweza. Asiyejua asingejua pa kudanganyia."

"Kumbe hata ugomvi wenu ulikuwa maigizo?"

"Wa kweli kabisa," alisema mshona nguo, "mpaka ulipovua kofia. Hapo jirani akanikonyeza."

Profesa akatazama mkono ajue ni saa ngapi. Saa haikuwepo. Koti lilikuwa jekundu toka kola hadi pindo.

"Ni saa ya kula," alisema Mama Lori. "Ingia ndani, sahani yako nimeshaipakua tangu ulipokuwa uvunguni. Nawa mpaka viwiko, na usiguse kitu njiani."