Kumwingiza Kapteni Kanisani

Jumapili, 7 Februari 1858. Kambi ya Fermoy.
Baridi kali. Kapteni wangu, mwana wa Lodi wa Ardkeen, katuongoza tena kwenye misa, sisi askari Wakatoliki themanini na watatu, kisha kabaki nje mlangoni. Yeye Mprotestanti. Kila Jumapili hivyo hivyo, saa nzima. Hufanya nini huko? Leo nimechungulia wakati wa mahubiri. Midomo inacheza! Anasali! Miaka kumi na minne namnyoa na kumpigia viatu rangi. Baada ya siku kumi na mbili tunapanda meli kwenda India, vitani. Akifa hivyo alivyo, ataungua. Lazima aingie kanisani.

Jumatatu, 8.
Nimeshona medali ya Bikira Maria ndani ya sare yake. Maji ya kunyolea nimeyatia maji ya baraka. Kapteni kasifu: leo wembe laini. Unaona! Koplo Baird, mtunza farasi wake, Mpresbiteri wa Antrim, Mprotestanti naye, kaniuliza namnyoa bwana au nambatiza. Nikamwambia akachane mikia.

Alhamisi, 11.
Nimemuuliza Kapteni, kwa kuzunguka, hujisemea nini kule nje. Kaona haya! Kasema, "Tuohy, we shughulika na viatu." Nimempelekea Padre Hegarty habari njema. Kajibu nimwache mtu wa watu, nitazame roho yangu, sijaungama tangu Septemba. Padre kachoka, maskini.

Jumamosi, 13.
Mpango! Koti lake la mvua liko chini ya godoro langu. Rozari mbili, mvua inyeshe.

Jumapili, 14.
Imenyesha! Ya gharika! Nikamwekea nafasi kwenye benchi la mlangoni kabisa. Hakuingia. Saa nzima, kalowa chapachapa.

Jumatano ya Majivu, 17.
Homa. Daktari kasema isiposhuka kufikia Ijumaa, Kapteni hapandi meli. Watu wake atapewa ofisa mwingine. Miaka kumi na mmoja anangoja kuwaongoza vitani! Na kosa ni langu, na lile koti. Nimelia stoo, kati ya viazi. Nikamwambia Baird ukweli. Katukana mpaka kaishiwa, kisha kaenda kuchemsha wiski. Mimi nikabaki kumpepea. Kapteni akaanza kuweweseka, nikainamisha sikio. Majina! "Ahearne wa Mallow, mrudishe kwao. Breen wa Kanturk, mrudishe kwao." Wote themanini na watatu, hakuruka hata mlevi mmoja. "Tuohy wa Kilmallock, na domo lake, mrudishe kwao." Kumbe ndiyo hayo ya mlangoni!

Ijumaa, 19. Bandarini Queenstown.
Homa imeshuka! Kapanda meli kwa miguu yake, watu wake nyuma. Kauliza lile koti lilipotelea wapi. Nikasema Shetani ana mikono mirefu. Baird kakohoa sana.
Nimewaza njia nzima kutoka Fermoy. Jina, mrudishe, jina, mrudishe. Hiyo si litania, kama ile ya watakatifu? Mtu ni Mkatoliki tayari, hajaambiwa tu! Padre kanipa chupa ya maji ya baraka. Nikachukua na ya pili alipogeuka. Tena melini misa husaliwa sitahani, na nje ya sitaha ni bahari. Sasa atasimama wapi?